Msishindane na Sukari ya Aliyelala

Wanangu mnaoanza kazi ya usingizi na uangalizi wa mahututi, nina neno kuhusu mgonjwa wa kisukari anayefunguliwa kifua.

Akishalazwa mezani sukari itapanda, hata kama asubuhi ilikuwa nzuri. Msimlaumu kwa chai ya juzi. Mwili uliochanjwa humwaga adrenalini na kotisoli, ini likatoa sukari, insulini isisikilizwe. Ubaridi wa mashine ya moyo na mapafu nao huongeza. Ikiachwa juu, kidonda huchelewa kupona, na usaha ukifika mfupa wa kidari ni balaa. Ndiyo maana tunapitisha insulini mshipani kwa pampu.

Hapo ndipo vijana hutaka kuonyesha umahiri. Mwaka 2001 madaktari wa Leuven, Ubelgiji, ambao wagonjwa wao wengi walitoka upasuaji wa moyo, waliibana sukari kati ya milimoli 4.4 na 6.1 kwa lita, na vifo vikapungua. Tukashangilia. Mwaka 2009 utafiti wa NICE-SUGAR, wenye mahututi wa kila aina zaidi ya 6,000, ukaleta kinyume chake: waliobanwa hivyo walikufa asilimia 27.5, wenzao 24.9. Sukari ilianguka vibaya kwa asilimia 6.8 yao, na 0.5 tu ya wenzao. Kwangu mimi, ikikaa chini ya 10 bila kuporomoka, kazi imefanyika.

Maana aliyelala hatetemeki, hapayuki, hasemi ana njaa. Ubongo huharibika naye kimya. Pimeni kila nusu saa hadi saa moja, kwa damu ya ateri. Kidole kilichopoa hudanganya. Mgonjwa anapopashwa joto ongezeni macho, kwa sababu insulini iliyokuwa haisikilizwi huanza kushika. Potasiamu pia, ambayo insulini huisukuma ndani ya seli. Ikipungua mno, mapigo ya moyo huvurugika.

Ulizeni mapema kuhusu dawa za jamii ya dapagliflozini na empagliflozini. Huachwa siku 3 kabla, la sivyo damu yaweza kujaa asidi huku sukari ikionekana ya kawaida.

Na pampu msiizime kabla ya kuchoma insulini ya chini ya ngozi, hasa kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza: ile ya mshipani huisha kwa dakika chache. Zamu ikibadilika, mwambieni anayepokea, kwa mdomo, pampu inakwenda kwa kasi gani na kipimo kijacho ni saa ngapi.