Mpunga Uuzwao Ungali Mbichi

Mtu akiutazama mchele utokao katika mashine za kukoboa za Kagongwa, mji ulio baina ya Isaka na Kahama, huenda akadhani ya kuwa maadamu jaruba halikutiwa sumu, chakula kile ni safi na mjadala umekwisha. Nami naona haujaanza, kwani mlo huweza kutoka katika udongo mzima na ukaingia kinywani umechafuliwa na muamala.

Mkulima wa nyanda hizi hupanda kwa mvua za mwisho wa mwaka na kuvuna aghalabu Mei au Juni, na katikati, ghala ikiwa tupu ilhali watoto wapo, humjia mwenye fedha akaununua mpunga ungali shambani kwa bei ambayo asingethubutu kuitaja mbele ya gunia lililojaa, kisha siku ya kupima akadai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kabla ya mavuno, wala hakuibatilisha biashara ile, bali aliifunga kwa kipimo maalumu, uzani maalumu na muda maalumu, nao mafakihi wa Kishafii wakashurutisha thamani yote ilipwe palepale majlisini. Lumbesa haina pa kusimama mbele ya masharti hayo.

Lakini hata mkataba ulio halali humwachia mkulima ukame wote, kwa kuwa deni li katika dhima yake, mvua inyeshe isinyeshe. Hapo ndipo uadilifu unapofikia ukomo wake na ihsani ikatakiwa: anayetaka udongo uishi hana budi kuubeba ukame pamoja na aulimaye, kwani samadi na kubadilisha mazao hulipa baada ya miaka, na mwenye deni la Juni hana miaka ya kungojea. Huko Meatu, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, mradi wa bioRe ulioanza mwaka 1994 huwalipa wakulima wa pamba ya kilimo hai nyongeza juu ya bei ya soko; ni hatua njema, ijapokuwa pamba hailiwi, na mpunga wastahiki zaidi.

Kwa hiyo natamani wakaguzi wa Kilimohai, alama ya mazao ya kilimo hai inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007, wakishauliza shamba lilitiwa nini, waulize pia mkulima alilipwa mwezi gani, kwa mizani ya nani, na mwaka ule mvua ilipokatika ni nani aliyelisamehe deni.