Mizani na Kisichopimika

Sura ya 83 ya Kurani Tukufu imepewa jina la wapunjao vipimo. Je, asiyepunja kilo ametimiza haki yote?

Tutazame usipa wa Ziwa Nyasa. Huvuliwa huko Kyela, huanikwa juani, kisha hupelekwa masoko ya Mbeya na Iringa. Mafuta yake yana asidi za omega-3, zishikanazo upesi na oksijeni ya hewa. Jua na joto huhimiza, na mafuta huchacha. Katika maabara mafuta hayo hutiwa iodaidi ya potasiamu, na wingi wa iodini itokayo huonyesha kiasi cha oksijeni iliyoshikwa. Lakini uharibifu ukizidi, kipimo hicho hushuka tena, kwani vilivyopimwa navyo huvunjika. Kibovu zaidi huweza kuonekana kizima.

Basi ajuaye siku ya kuanikwa ni muuzaji, na ujuzi huo ni amana. Atasema: “Mnunuzi ana pua yake.” Lakini achanganyaye usipa wa zamani na mpya amekwisha kuiziba pua hiyo. Ulimi wake haukusema uongo; mkono wake umeusema. Na aueleze ukuukuu wake, apunguze bei, ndipo kilo yake iwe kilo ya haki.