Kati ya Nia na Tendo

Tumefundishwa kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Ni fundisho linalotuliza moyo, kwa kuwa nia imo ndani na hakuna awezaye kuiangusha ikavunjika. Lakini kati ya nia na tendo ipo njia, na watu wengi huipita maisha yao yote bila kujua kwamba ipo. Mtu akitaka maji, mkono umeshafika kwenye kikombe. Akitaka kuinuka, ameshasimama. Wapo waja ambao njia hiyo kwao ina mabonde. Nia imenyooka, misuli ina nguvu, macho yanaona, na bado mkono unafikia pengine. Mimi ni mmoja wao.

Hali hii huitwa dispraksia. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba watoto 5 au 6 katika kila 100 wa umri wa shule ya msingi wanayo, na wengi wao huingia nayo utu uzima. Si upungufu wa akili, wala si kupooza. Kabla mkono haujaondoka, ubongo huikadiria safari yake: umbali, uzito, kasi, mahali pa kusimama. Watafiti wengi wanaona kwamba kwa mwenye dispraksia makadirio hayo ndiyo yanayopotoka, na ndiyo maana jambo alilolifanya jana na juzi linaweza kumjia leo kama geni. Ni kigugumizi cha mikono: neno analijua, ila halitoki.

Kwetu pwani mwili umewekewa adabu nyingi, na adabu hizo ndizo zinazomfichua mtu. Chukua kumnawisha mgeni. Birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani. Unainama kiasi, unamimina maji membamba yasiyokatika, huku ukiifuata mikono yake inavyogeuka. Anayetazama huona jambo moja. Mimi naona mambo sita, na kila moja linataka lisimamiwe peke yake. Nikililinda beseni lisiiname, maji yanazidi. Nikiyapunguza maji, beseni limeshalala na kanzu ya mgeni imeshalowa. Mgeni mwenye hekima atasema maji ni baraka. Lakini pembeni hakosi mtu wa kusema, "Huyu mtoto hana utulivu," na neno hilo ndilo linalobaki chumbani mgeni akishaondoka.

Neno likirudiwa sana hugeuka kuwa imani. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba hajali huanza kujitafutia ndani mahali alipoacha kujali. Asipopaona, hujihukumu zaidi: basi nina uovu nisioujua. Huomba msamaha kwa sahani, kwa vifungo vilivyopishana, kwa herufi zilizoteleza chini ya mstari wa daftari. Usiku hupiga istighfari kwa mambo ya mchana ambayo hakuyakusudia hata chembe. Kwa nje toba hiyo inafanana na uchamungu. Kwa ndani ni kesi isiyokwisha, ambayo mshitakiwa na hakimu ni mtu mmoja na ushahidi haujawahi kuitwa.

Kutafuta uchunguzi ni kuuita huo ushahidi. Nilipoanza, wapo jamaa walioniambia kwamba mtu mzima anayekwenda hospitali kwa sababu ya kumwaga chai amekosa subira, na kwamba maumbile hayapimwi. Nikamkumbuka Nabii Musa. Alipotumwa kwa Firauni aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, akaomba na ndugu yake Haruni awe msaidizi. Alilitaja tatizo, akaeleza analohitaji. Sijasikia mahali popote kwamba kulitaja kwake kulihesabiwa kuwa udhaifu wa imani.

Njia yenyewe ni ndefu. Kwanza daktari huangalia macho na mishipa ya fahamu, ahakikishe hakuna maradhi mengine yanayolieleza jambo hilo. Kisha mtu hupelekwa kwa mtoa tiba kwa vitendo. Moshi, pale hospitali ya KCMC, watoa tiba hao wanafundishwa, lakini katika hospitali nyingi mtu anaweza kuuliza mlango hadi mlango asielekezwe. Na vipimo vingi vilitungwa kwa ajili ya watoto. Kimoja kinachotumika sana duniani, katika toleo lake la mwaka 2007, kiliishia miaka 16: kuchomeka vijiti kwenye matundu, kupitisha uzi, kudaka kifuko kidogo kilichojazwa punje, kusimama kwa mguu mmoja. Madaktari wenyewe walichelewa kuelewana. Kwa miaka mingi waliandika tu kuhusu watoto wazito wa mikono, hadi mwaka 1994 wataalamu walipokutana London ya Kanada wakakubaliana watumie jina moja.

Kwa mtu mzima, basi, alama za mtihani hazitoshi. Huulizwa maswali manne, na kila moja lina uzito wake. Je, ujuzi wa viungo vyake uko chini ya unaotarajiwa kwa umri wake, ilhali alipata nafasi ya kujifunza? Je, upungufu huo unamkwamisha katika maisha ya kila siku? Je, ulianza utotoni? Je, hakuna sababu nyingine inayoueleza vizuri zaidi? Swali la tatu mtu hawezi kulijibu peke yake. Kwa hiyo mama aliombwa aje.

"Shikamoo, mama," mtoa tiba, kijana tu, alimwambia. "Utotoni alikuwaje? Kuvaa, kula, kucheza?"

"Marahaba, baba. Huyu kwenye rede hakuukwepa mpira hata siku moja. Na kanga alijua kuifunga wenzake wameshaolewa."

Tukacheka wote. Kisha mama akatazama chini, akasema polepole, "Na mimi nikidhani anafanya makusudi."

Sentensi hiyo ilifanya kazi ambayo cheti hakiwezi. Majibu rasmi bado nayangoja, na huenda yakachukua muda. Lakini tangu siku ile nimeanza kuelewa ninachokitafuta.

Sitafuti dawa, maana hali hii haina kidonge. Mtaalamu husaidia kuligawa jambo kubwa kuwa hatua ndogo, kubadili chombo, kupanga mahali pa kazi, kujipa muda. Wala sitafuti sifa. Watu wema wameniambia kwamba hii ni neema iliyojificha. Wanataja swala. Faradhi za siku moja zina rakaa 17, na wao miili yao ilizishika utotoni, kiasi kwamba mwili husujudu huku akili iko sokoni. Mimi kwenye tahiyatu bado nauuliza mguu wa kushoto kama umelala na wa kulia kama umesimama. Wanasema basi wewe huwezi kusahau kwamba uko mbele ya Mola wako. Nimelizingatia neno hilo kwa muda mrefu, na sikubaliani nalo. Kukumbuka vidole vya mguu si kumkumbuka Mungu. Mtihani wa mtu usipambwe maua kabla mwenyewe hajaupokea.

Ninachokitafuta ni kipimo. Sheria ya dini imemwekea mja nafasi: asiyeweza kusimama huswali amekaa, asiyeweza kukaa huswali kwa ubavu. Tunaisoma ruhusa hiyo kama huruma, na kweli ni huruma. Lakini ndani yake mna sharti lililotulia: lazima mtu aujue uwezo wake. Anayeukuza atajiumiza, anayeupunguza atajidanganya, na wote wawili hawajaitendea haki amana ya mwili waliopewa. Kuujua uwezo ni kazi ya ibada, hata pale kazi hiyo inapofanyika kwenye benchi la hospitali, faili likiwa mkononi.

Na toba nayo inahitaji kipimo hicho. Masharti yake ni kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia. Nani awezaye kuazimia kwamba kesho mkono wake hautakosea umbali wa glasi? Azimio hilo huvunjika kabla ya adhuhuri, na kila likivunjika mja hujiona amemvunjia Mungu wake ahadi. Nimeliondoa. Kikombe kikianguka, naomba radhi kwa mwenye kikombe, kwa sababu hasara ni yake, nafagia vipande, nanunua kingine. Mbele ya Mola sikipeleki. Yaliyobaki ya kupeleka ni machache kuliko zamani, lakini hayo ni yangu kweli, nimeyatenda kwa nia, na kwa mara ya kwanza nina nguvu za kuyashughulikia.