Deni Lisiloandikwa

Zamani mfanyabiashara alitosheka na hesabu mbili, ya alichotoa na ya alichopata. Sasa hutakiwa kushika na ya tatu: hesabu ya maisha ya bidhaa, tangu kuzaliwa kwake shambani mpaka kuzikwa kwake jalalani. Mwaka 1969 kampuni ya Coca-Cola iliitumia huko Marekani kulinganisha vyombo vya kutilia kinywaji chake. Mwaka 1997 ikawekewa kanuni za kimataifa, zenye nambari 14040.

Na ichukuliwe chai ya Usambara, kutoka Bumbuli, karibu na Lushoto, hata Amani upande wa mashariki. Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na zaidi za majani mabichi. Maji hayo huondolewa kwa moto, na moto hula kuni. Mwenye kiwanda mwaminifu hupanda mikaratusi yake mwenyewe, tena huzianika kuni, maana kuni mbichi hutumia moto kujikausha kwanza kabla ya kukausha chai. Kisha hesabu humletea faraja: sehemu kubwa ya nishati ya kikombe hutumiwa na mnywaji, achemshaye birika zima kwa ajili ya kikombe kimoja. Si uongo, lakini ni faraja inayokubaliwa upesi mno.

Walakini swali zito limo katika mpaka wa hesabu yenyewe. Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifyeka misitu ya Usambara ya Mashariki ili wapande kahawa. Kahawa ikashindwa, baadaye chai ikashika ardhi iliyokwisha kufyekwa. Desturi ya wahesabu ni kutazama nyuma miaka 20 tu. Basi afyekaye leo huandikiwa deni, na avunaye palipofyekwa na waliomtangulia huonekana safi, ingawa majani ni yaleyale. Ni nani aliyelisamehe deni hilo? Itajibiwa kwamba mtu haadhibiwi kwa kosa la babu. Ni haki, lakini hapa haidaiwi adhabu. Yadaiwa faida, nayo ingali inaliwa.

Tena moshi una kilo zake. Saintpaulia, ua dogo la zambarau la misitu hii, lililopewa jina hilo na wataalamu wa Ujerumani mwaka 1893, lina kilo ngapi?

Mwaka uleule wa 1997 ilitangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na ndani yake ikatiwa misitu ya makampuni ya chai, zaidi ya hekta 1,000. Katika daftari la moshi, miti ile iliyoachwa imesimama haikumpunguzia mtu hata kilo moja.