Tusiupe Udongo Masalio

Jumamosi nilitoka Kitale kwenda Kimilili kumjulia hali shangazi. Nilimkuta nyuma ya jikoni akichambua viazi: vikubwa ndani ya gunia la kupelekwa soko la Chwele, vya wastani kwenye sufuria, na vidogo kama kokoto ndani ya ndoo iliyopasuka. Nikadhani vya ndooni ni vya ng'ombe.

"Hapana, mwanangu. Hiyo ndiyo mbegu."

Juu ya meko yake yalining'inia mahindi, maganda yamefungwa mawili mawili. Aliyateua mwenyewe shambani, na hakuna mtoto anayethubutu kuyagusa hata njaa ikibisha hodi. Tangu siku hiyo sijatulia. Mahindi tunayaheshimu kiasi kile, lakini kiazi tunachozika ardhini ni kile kilichokosa mnunuzi.

Nakaa Kitale, mji ambako kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mwaka wa 1956, na ambako mahindi chotara ya H611 yalitolewa mwaka wa 1964. Hapa ukipanda mahindi uliyookota sokoni, majirani watakuonea huruma. Majirani hao hao hupanda viazi vilivyobaki chini ya gorogoro.

Utaniambia kiazi kidogo nacho huchipuka. Ni kweli, na udogo wenyewe si ugonjwa. Shida ni shina lililokizaa. Shina lenye virusi hudumaa, likazaa viazi vidogo. Anayeteua vidogo msimu baada ya msimu anateua watoto wa mgonjwa bila kujua. Mavuno yakipungua, tunasema udongo umechoka. Udongo tunausingizia.

Utaniambia pia kwamba mbegu safi ni ghali na hutoka mbali, Molo huko. Nakubali. Lakini unaweza kujiteulia mbegu shambani mwako kwa vigingi, na kigingi ni kijiti tu. Viazi vikitoa maua, pita kwenye mistari, uchomeke kigingi kando ya kila shina lililonawiri, lenye majani yasiyojikunja. Shina linalonyauka ilhali udongo una unyevu ling'oe pamoja na viazi vyake vyote. Huo huenda ni mnyauko wa bakteria. Siku ya kuvuna, anza na mashina yenye vigingi. Chukua viazi vya ukubwa wa yai la kuku, uvitandaze kwenye kichanja chini ya paa, penye mwanga lakini pasipo jua kali. Aina ya viazi iitwayo Shangi haina subira: ukiifungia guniani gizani hutoa machipukizi marefu, meupe, yanayokatika ukiyagusa. Kwenye mwanga hutoka mafupi na manene, na hayo ndiyo ya kupanda. Kisu nacho kiache jikoni, maana kikipita kwenye kiazi kimoja kigonjwa huambukiza vinavyofuata.

Hayo yote nilimweleza shangazi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Na sasa majani yamekauka, nitajuaje kipi kilizaliwa na shina gani?"

Hapo niliishiwa na maneno. Mbegu ya kiazi huteuliwa shina likiwa hai, nami nilikuwa nimechelewa.

Tulikubaliana vya ndooni vichemshwe. Nimemnunulia nusu gunia la mbegu safi, aipande kando ya migomba, mahali ambapo hajawahi kupanda viazi wala nyanya. Vikitoa maua, nitarudi Kimilili na vigingi.