Sikio Halina Kope



Jicho limepewa kope za kulifunga, bali sikio halina kope. Hata tulalapo li wazi. Ndani yake, nyuma ya kiwambo, mna mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, urefu wake kama milimita 3. Mifupa hiyo hupokezana mtetemo wa sauti mpaka sikio la ndani, penye chembe zenye vinyweleo laini. Chembe hizo zikifa hazioti tena.

Basi, enyi wazazi, mtoto asiyeitika aitwapo msimwite mkaidi kabla hajapimwa. Sikio litokalo usaha si la kutiwa mafuta nyumbani, mpelekeni hospitali. Nao wazee wasiosikia vema, tusiwacheke wala kuwapita. Katika Marko 7, Bwana wetu alimtenga yule kiziwi na makutano, akamgusa masikio, hakumkemea.

Nasi tulio na masikio mazima, je, twamsikia jirani anayelia? Tusipomsikia, kiziwi ni nani?

Bwana atufungue masikio. Amina.