Adabu ya Kuonekana na Adabu ya Kuonwa

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayejua tunayoyadhihirisha na tunayoyaficha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Muhula uliopita tulipewa kazi ya kulinganisha vitabu vya adabu vya Waislamu na vya mataifa mengine. Mimi nilichagua vitabu ambavyo Waingereza waliwaandikia vijana wao zamani. Nilivichagua kwa sababu kwetu hapa Uganda adabu ya Kiingereza si jambo la mbali. Imetufikia kupitia shule kama Gayaza ya mwaka 1905 na King's College Budo ya mwaka 1906, kisha Makerere ya mwaka 1922. Hadi leo wakazi wa Livingstone Hall pale Makerere hujiita "Gentlemen". Nilifungua vitabu hivyo nikitafuta alama za mtihani, lakini vikanikuta mimi mwenyewe.

Kitabu kilichonishika zaidi ni cha bwana mmoja mkubwa aliyeitwa Lord Chesterfield. Alikuwa na mtoto wa kiume, Philip Stanhope, aliyezaliwa mwaka 1732 nje ya ndoa. Kwa muda wa miaka thelathini hivi baba huyu alimwandikia mwanawe barua zaidi ya 400. Alimfundisha kusafisha meno na kucha, namna ya kuingia chumbani, namna ya kukaa mezani, namna ya kuwafurahisha wakubwa. Hata kucheka kwa sauti alimkataza, kwa kuwa aliona ni tabia ya watu wa chini. Nia yake ilikuwa moja, kwamba kijana apendeze mbele za watu ili apate cheo.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Kijana alifariki mwaka 1768, akiwa na miaka 36. Baada ya kifo chake ndipo baba akajua kwamba mwanawe alikuwa ameoa kwa siri, mke wake aliitwa Eugenia, na walikuwa na watoto wawili wa kiume. Barua mia nne, na kijana hakuweza kumwambia baba yake kwamba ana mke. Chesterfield naye alifariki mwaka 1773. Mwaka uliofuata yule mjane aliziuza zile barua kwa mchapishaji, zikawa kitabu kilichosomwa sana na wazazi waliotaka watoto wao wawe waungwana.

Ndugu zangu, niliposoma habari hiyo nilifunga kitabu. Baba yangu anauza nguo sokoni. Kila Ijumaa baada ya swala nilikuwa nampigia simu. Namsalimia kwa heshima zote, namuulizia mama na wadogo zangu, simkatizi maneno, na simu siikati mpaka akate yeye. Huniuliza, "Masomo vipi, mwanangu?" Nami hujibu, "Alhamdulillah, baba, yanaendelea vizuri." Ukweli ni kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa nimeanguka masomo mawili. Nilimwambia matokeo bado hayajatoka. Ada ya ritake niliikopa kwa rafiki na sikuwa nimeilipa. Neno la kumshukuru Mwenyezi Mungu nilikuwa nimelifanya pazia la uongo. Na siku hizo hizo nilikuwa nikisimama mbele ya ndugu zangu katika darasa letu la jioni, kanzu imenyooshwa vizuri, nikiwafundisha mlango wa adabu kwa wazazi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Waingereza hawana dini wala kwamba vitabu vyao vyote ni vya kujipamba. Kitabu chao kimoja kilichoenea sana majumbani, The Whole Duty of Man, kilichotoka mwaka 1658, kinaanza na wajibu wa mtu kwa Mungu kabla ya wajibu wake kwa watu. Na barua za Chesterfield zilikosolewa na Waingereza wenyewe. Mwanachuoni wao Samuel Johnson alizisema kwa ukali kwamba zinafundisha mwendo mzuri wa mwili na tabia chafu ya moyo. Haki isemwe hata kwa asiye wa dini yako.

Wala kucha safi si jambo dogo. Uislamu umetufundisha kukata kucha, kupiga mswaki, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yako. Swali ni hili: adabu hiyo inaanzia wapi, na inafanywa kwa ajili ya macho ya nani?

Tumtazame Luqman katika sura ya 31. Naye ni baba anayemuusia mwanawe, kama Chesterfield. Lakini angalieni mpangilio wake. Anaanza na kumkataza kumshirikisha Allah. Kisha Mwenyezi Mungu anataja haki ya wazazi. Kisha Luqman anamwambia mwanawe kwamba jambo hata likiwa na uzito wa chembe ya hardali, likawa ndani ya mwamba au mbinguni au ardhini, Allah atalileta. Kisha swala, kuamrisha mema, kukataza mabaya na kusubiri. Mwisho kabisa ndipo anapofika kwenye yale ambayo Chesterfield alianza nayo, yaani usiwageuzie watu shavu lako kwa kiburi, usitembee kwa maringo, punguza sauti yako. Mwendo na sauti vimo, ila vimekuja baada ya ile chembe ya hardali. Kijana amekwisha kujua kwamba yupo Anayemwona hata ndani ya mwamba, kwa hiyo hata akiwa peke yake barabarani atatembea kwa unyenyekevu.

Mpangilio huu wazee wetu wa pwani waliujua. Mwaka 1858, huko Pate, Mwana Kupona binti Msham alitunga utenzi wa kumuusia binti yake. Alikuwa mjane, tena mgonjwa, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. La kwanza alilomuusia ni kushika dini, la pili ni adabu, la tatu ni ukweli. Mengine aliyoyasema kuhusu mke na mume watu wanayajadili mpaka leo, na wana haki ya kuyajadili. Lakini mama huyu hakumpa mwanawe adabu bila kuiweka dini mbele yake na ukweli nyuma yake.

Dada zangu, hapa nina neno lenu. Mwaka 1774, mwaka ule ule wa barua za Chesterfield, kilitoka kitabu cha daktari John Gregory kwa mabinti zake. Aliwashauri kwamba mwanamke akiwa na elimu aifiche, hasa mbele ya wanaume. Mwingereza mmoja, Mary Wollstonecraft, alimjibu kwa hasira mwaka 1792. Lakini sisi jibu tulikuwa nalo zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Mama yetu Aisha (r.a.) hakuificha elimu yake. Masahaba wakubwa walikuwa wakimwendea kumuuliza, na aliwasahihisha walipokosea. Basi anayekwambia kwamba haya ni kunyamaza darasani hata kama jibu unalo, huyo hajakupa adabu ya Kiislamu. Haya ya kweli ni kumwonea haya Mola wako.

Na tusidhani somo hili liko Uingereza na Pate tu. Liko hapa kwetu. Vijana wa barazani kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza walilelewa katika adabu kuliko vijana wote wa Buganda. Walijua kupiga magoti, walijua kunyamaza, walijua kutumwa na kurudi. Kabaka huyo alifunga Ramadhani na kuamuru watu waswali, lakini mwenyewe hakutahiriwa. Mwaka 1876 baadhi ya vijana hao walikataa kuswali nyuma yake, na walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Inasimuliwa kwamba wapatao 70 waliuawa Namugongo kwa sababu hiyo. Ingekuwa adabu ni kuwapendeza wakubwa tu, wangekula ile nyama, wangeshukuru, na wangeishi. Lakini juu ya macho ya Kabaka walijua kuna macho mengine. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Tunayo pia ile hadithi mashuhuri ya Jibril, aliyoisimulia Umar (r.a.). Alikuja mtu mwenye nguo nyeupe sana na nywele nyeusi sana, asiyeonekana na vumbi la safari. Akakaa mbele ya Mtume (s.a.w.), magoti kwa magoti. Hiyo ni adabu ya nje, iliyokamilika. Kisha akauliza kuhusu Uislamu, imani na ihsani. Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba ihsani ni kumwabudu Allah kana kwamba unamwona, na ikiwa wewe humwoni, basi Yeye anakuona. Kikao kizuri kikafika kwenye neno hilo. Imam Ghazali naye, katika kitabu chake Bidayat al-Hidaya, anapofundisha adabu za kukaa na watu anaanza na adabu ya kukaa na Allah, kwa sababu Yeye ndiye mwenzako asiyeondoka hata watu wote wakiondoka.

Baada ya kusoma hayo, nilikaa wiki mbili nikiogopa. Ijumaa ya tatu nilimpigia baba nikamwambia yote, masomo mawili, ritake na deni. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza deni ni kiasi gani. Halafu akasema kwamba pale sokoni kila mtu akilalamika kuhusu watoto wa chuo, yeye huwaambia wa kwake hasemi uongo. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Sasa namlipa rafiki yangu kidogo kidogo, na baba akiniuliza habari za masomo namtajia na alama, hata zile zinazoniaibisha.

Basi ndugu zangu, nausia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi. Kila mmoja wetu alitazame jambo moja analolificha kwa mzazi wake, kwa mwenzake wa chumba, au kwa aliyemkopesha, na alirekebishe wiki hii kabla halijatolewa kutoka ndani ya mwamba. Tuangalie pia tunavyozungumza na wale wasioweza kutuongezea alama, kama mama anayefagia hosteli, mtu wa bodaboda, na kijana anayetukaangia rolex usiku pale Wandegeya. Na ukifunga mlango, ukabaki peke yako na simu yako, kumbuka kwamba hujabaki peke yako.

Ewe Mwenyezi Mungu, uipambe siri yetu kama ulivyoupamba mwonekano wetu, na siri yetu uifanye bora kuliko dhahiri yetu. Utusamehe sisi na wazazi wetu, na utujaalie tuwe furaha ya macho yao kwa kweli, si kwa maneno. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.